Uwanja wa Sahara na Lango Nililochomelea

Jumamosi hiyo, saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimesimama juu ya meza ya mtu na msumeno wa chuma mkononi. Binti yangu Nekesa, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amekwama juu ya lango la uwanja, mkuki wa chuma umemwingia pajani. Mama Shiru wa mboga alikuwa amepanda kreti mbili za soda, amemweka mtoto begani ili uzito wake usimvute zaidi kwenye chuma. Kijana mmoja wa kuosha magari akaja mbio na grenda na waya mrefu wa stima.

"Fundi, chukua hii. Ni dakika moja tu."

Nikamwambia aweke chini. Grenda inakata haraka lakini inachemsha chuma, na hicho chuma kilikuwa ndani ya mtoto wangu. Naye dada anayefanya kazi dispensari, jirani yetu wa ploti ya pili, alikuwa anapiga kelele kutoka dirishani kwamba mtu asithubutu kumchomoa, atamwaga damu yote hapo hapo. Akatwe chuma chini, apelekwe hospitali nacho. Kwa hivyo ikabaki ni msumeno na mkono wangu.

Nilikata polepole. Chuma kilikuwa kigumu, na nilijua ni kigumu, kwa sababu nilikichagua mwenyewe dukani nikakataa kile chepesi. Hilo lango nililichomelea mimi. Mikuki ya juu niliinoa mimi, mmoja mmoja. Nekesa hakulia sana. Alikuwa anasema tu, "Baba, usitingishe. Baba, unatingisha."

Alipona, niseme hivyo mapema ili msisome roho ikiwa juu. Lakini mguu haukurudi vile ulikuwa. Anatembea vizuri mpaka achoke, halafu anauvuta. Kukimbia ameacha.

Najua kuna watakaosema ni mtoto mtundu, kwani alikuwa anatafuta nini juu ya lango. Alikuwa anatafuta mahali pa kucheza. Nyinyi mliokulia mitaa hii ya Eastlands pamoja na mimi hamhitaji kuambiwa huo uwanja ulikuwa nini, lakini acha niseme, kwa sababu watoto wetu wanafikiri sisi tunadanganya.

Wakati sisi ni wadogo, upande huu wa Kariobangi ulikuwa na nafasi. Uwanja wetu tuliuita Sahara kwa sababu ya vumbi. Ukisimama upande wa choo cha kanjo, yaani cha halmashauri ya jiji, mtu aliye kwenye ukuta wa shule ulimtambua kwa mwendo tu, sura huioni. Udongo wake ni ule mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia kwenye ufa, na mvua ikinyesha unanata kwenye soli, hatua kumi na tayari umerefuka. Tulirudi nyumbani warefu kuliko mama zetu. Kanjo walikuwa wameweka bembea mbili za minyororo na mtelezo mmoja wa chuma. Huo mtelezo saa sita mchana ulikuwa unachoma kama kikaango, kwa hivyo tulikuwa na sheria, kila mtu aje na kipande chake cha katoni cha kukalia. Asiye na katoni alisubiri jua lishuke. Nilichomeka mara moja tu, ikatosha.

Uwanja ulikuwa na saa zake na hakuna aliyeziandika. Asubuhi ulikuwa wa akina mama, walianika blanketi na mashuka, na watoto wa kukaa chini waliachwa hapo katikati ya nguo. Mchana ni wa wale wadogo wa kalongo, kupika matope kwenye vifuniko vya chupa na kuoana. Tukitoka shule, wasichana walichukua upande wa kivuli na blada zao, zile kamba za mpira za kuruka, na mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira wakati mmoja anajaza chupa mchanga. Sisi wavulana tulikuwa na mpira wa juala, mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ukiloa maji unakuwa mzito kama kabichi, ukiupiga kichwa unaona giza. Wengine walikuwa kwenye bano, zile gololi, wengine wanaendesha magari ya waya yenye usukani mrefu na magurudumu ya kandambili. Ufundi wangu ulianzia hapo. Nilitengeneza basi la waya lenye milango inayofunguka, wakubwa wakaja kuliangalia. Shuleni sikukaa sana, nilitoka darasa la saba, lakini mkono wangu ulikuwa umeshasoma.

Na chakula. Mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, pilipili inawasha mpaka wino wa gazeti unautafuna bila kujua. Mabuyu mekundu, ulimi unabaki mwekundu mpaka kesho, mama akikuuliza kama umekula mabuyu unasema hapana huku umeutoa. Maziwa ya shule yalikuwa kwenye pakiti ya pembe tatu. Ukishamaliza unaipuliza, unaiweka chini na kuikanyaga, paa, na mzee mlinzi wa shule anaruka kila siku kama ni mara ya kwanza.

Mama yangu alikuwa kibarua wa kiwanda Indastria, anatoka kabla hatujaamka. Hakuwa na mtu wa kutuangalia na hakumtafuta. Aliniambia, "Nikikukosa nyumbani nitakutafuta Sahara. Nikikukosa Sahara, nitakupata na nitakuua." Na hakuna siku alinikosa Sahara. Jioni taa za barabara zikiwaka, kina mama walitoka milangoni kuita, kila mmoja na sauti yake, na ukiitwa mara ya tatu mchezo umeisha, hata kama mko penalti.

Katika hao wa penalti kulikuwa na wawili ambao nitawataja hapa kwa majina. Ndirangu alikuwa anaishi mlango wa tatu kutoka kwetu. Baba yake alimnunulia baiskeli kuukuu, na mimi ndiye niliyemshikia kiti akijifunza, wiki nzima, kutoka choo cha kanjo mpaka ukuta wa shule. Alikuwa anapiga kelele, "Usiniachilie, nitakwambia mimi." Nilimwachilia bila kumwambia, akaenda mwenyewe, akarudi amekasirika na anacheka. Wafula alikuwa golikipa wetu. Alivaa soksi za baba yake mikononi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kutuzidi wote, kwa hivyo ndiye aliyeandika mabao ukutani kwa makaa, na sikumbuki siku aliandika bao la uongo, hata letu.

Hao ndio mwenyekiti na katibu wa kamati ya uwanja hivi leo. Nawajua kutoka walipokuwa hawajafunga kifungo cha suruali.

Watoto wa sasa tunawacheka, na mimi nimewacheka. Wanacheza kandanda kwa vidole gumba, wamelala kwenye kiti, halafu wanakuambia wamechoka. Kijana wa dada yangu, anayeishi Donholm, alishinda kombe kwenye simu akakimbia kushangilia, akafika jikoni pumzi imeisha. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Lakini nikirudi kwetu nahesabu kuta. Kila ploti imeandikwa kwa rangi, USICHEZE MPIRA HAPA. Wakicheza kwenye ngazi, keateka, msimamizi wa jengo, anawamwagia maji. Wakicheza barabarani kuna bodaboda. Wakipanda juu ya paa, huko kwenye matangi na kamba za nguo, tunasema wazazi wa siku hizi wamezembea. Mtoto akifukuzwa kila mahali alipo na miguu yake, ataenda kukaa na simu.

Uwanja haukunyakuliwa na mtu wa mbali. Hapa ndipo hadithi yetu inatofautiana na zile mnazosikia, na hapa ndipo aibu yetu ilipo. Watu wa mbali walijaribu. Asubuhi moja tuliamka tukakuta vigingi vya saruji vimepigwa Sahara, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Akina mama waliokuwa wanaanika nguo waliving'oa vyote kabla ya saa nne. Mama Shiru alichukua viwili, mpaka leo ndivyo vinashikilia meza yake ya sukuma wiki.

Baada ya hapo tukaingiwa na hofu. Tulisikia mtaa fulani uwanja umeenda, mtaa mwingine umeenda. Ndirangu akaita mkutano pale pale Sahara. Akasimama kwenye mtelezo akasema, "Uwanja usio na ukuta ni kama nyumba isiyo na mlango. Anayepita anaingia. Tuuzungushie wenyewe kabla hajatuzungushia mtu." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Tukakubaliana kila nyumba itoe bati moja. Hakuna aliyeulizwa bati la aina gani. Watu walitoa yaliyokuwa chini ya kitanda, ya choo kilichobomolewa, jipya, kuukuu, la kijani, la kutu. Jirani yetu mmoja, mjane, alitoa bati la jikoni kwake akaweka plastiki mahali pake. Uwanja ukazungushiwa kwa rangi zote, na tukapita pale tukionyeshana, lile langu, lile langu. Mimi nilitoa bati na lango. Nililichomelea siku nne, vyuma vyangu, umeme wangu, sikutaka chochote. Nikaweka na maua ya chuma katikati, kwa sababu ni lango la watoto.

Wafula akapitisha karatasi. Kwa ule mwandiko wake mzuri alikuwa ameandika kwamba sisi wakazi tumekubali uwanja ufungwe na usimamiwe na kamati kwa niaba yetu. Mama Shiru akauliza, "Wafula, hii kusimamiwa ina mwisho ama haina?"

Wafula akacheka. "Mama Shiru, kwani unaniogopa mimi? Si ulinipangusa kamasi?"

"Nilikupangusa, ndiyo maana nauliza."

Watu wakacheka, Mama Shiru akatia sahihi. Nami nikatia. Tuliogopa mtu mgeni, tukampa ufunguo mtu wetu, na hatukuandika popote kwamba mlango utafunguliwa saa ngapi. Zamani hapakuwa na saa zilizoandikwa kwa sababu hapakuwa na mlango. Hilo ndilo kosa, na tulilifanya kwa makofi.

Mwezi wa kwanza lango lilikuwa wazi kutwa. Halafu likawa linafunguliwa watoto wakitoka shule. Halafu Ndirangu akawa amesafiri na ufunguo. Siku moja lori moja likalala ndani, tukaambiwa ni la rafiki wa kamati, limeharibika. Lori lililoharibika likaondoka asubuhi, jioni yakarudi matatu. Bembea zikakatwa zipishe magari. Kwenye mtelezo wakafunga bomba la maji, ikawa ni mahali pa kuoshea magari. Akina mama walipokwenda kuuliza, Wafula alitoa ile karatasi, na nyuma yake kulikuwa na karatasi nyingine yenye muhuri wa ofisi moja ya mjini, inayosema kamati ndiyo yenye kutumia ardhi hiyo, na wakazi wamekubali, na majina yetu yameambatanishwa. Langu limo. La yule mjane wa bati limo.

Watoto hawakusoma karatasi. Waliona uwanja, wakaona ukuta, wakaruka. Walipita kwenye mabati yaliyolegea, yakapigwa misumari, wakapanda lango. Maua yangu ya katikati yalikuwa ngazi nzuri sana kwa mguu wa mtoto.

Basi Ndirangu akaja karakana kwangu. Alikuja vizuri, akaniletea chai na andazi, akakaa kwenye silinda ya gesi.

"Fundi wangu, hawa watoto wataumia. Wanaingia katikati ya malori. Niwekee kitu juu ya lango."

"Kitu gani?"

"Mikuki kidogo. Wakiiona hawatapanda."

"Na wakipanda?"

"Kwani wewe ungepanda?"

Nilimwambia, "Ndirangu, mimi na wewe tulipanda ukuta wa shule wenye chupa zilizovunjwa, tukifuata mpira wa juala."

Akacheka, akanipiga bega. "Ndiyo maana tulikuwa wajinga. Wa siku hizi wako na akili, watarudi kwa simu zao."

Nikaichomelea. Hii kazi nililipwa, na nilihitaji, sitadanganya mtu. Na kwa sababu mimi sijui kufanya kazi mbaya, nilinunua chuma kigumu na nikakinoa kwenye grenda mpaka ncha ikashika mwanga. Wakati nasimamisha, watoto walikuwa wamekaa kwenye mtaro wananiangalia. Nekesa alikuwa hapo. Akaniuliza, "Baba, hizo ni za nini?" Nikamwambia ni urembo.

Ni wiki tatu tu zilipita. Jumamosi hiyo wasichana wanne walikuwa wanacheza kati kwenye njia ya ploti, keateka akawafukuza. Wakaenda upande wa dukani, bodaboda ikakanyaga chupa yao ya mchanga. Wakaja langoni. Walichungulia wakaona malori ni mawili tu na nafasi imebaki upande ule wa kivuli. Wakamwomba mlinzi. Mlinzi akasema yeye hana ruhusa, ruhusa iko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti yuko mazishini. Nekesa ndiye mrefu wao. Akasema atapita juu awafungulie komeo kwa ndani. Viatu vyake vilikuwa na maji ya kuoshea magari.

Mengine mnayajua. Msumeno ulichukua muda ambao mpaka leo siwezi kukuambia ni dakika ngapi. Mama Shiru hakushuka kwenye zile kreti mpaka mwisho, na bega lake lile la kulia haliinuki vizuri sasa.

Ndirangu alikuja hospitali. Alileta matunda. Mke wangu hakumwangalia. Akasimama miguuni pa kitanda akasema, "Pole sana, mambo ya watoto." Nikamfuata mpaka ngazini, nikamwambia, "Ndirangu, fungua uwanja." Akaniambia hapo si mahali pa mambo hayo. Nilimwambia aniambie ni wapi. Akasema kuna taratibu. Wafula hakuja. Alituma ujumbe, na hata kwenye simu mwandiko wake ni mzuri, hana kosa hata moja. Alisema kamati imesikitika, na kwamba mikuki ilikuwa uamuzi wa kiufundi wa fundi.

Hapo alisema kweli nusu, na hiyo nusu yangu nimeibeba. Nekesa alipotoka hospitali aliniuliza, tukiwa tumekaa kitandani kwake, nikimkanda mguu kama tulivyofundishwa. "Baba, ni wewe ulitengeneza ile?" Nikasema ni mimi. "Na ulisema ni urembo." Nikasema nilidanganya, kwa sababu niliona aibu mbele yenu. Halafu akaniambia niendelee kukanda, nimeishia pabaya. Sijui kama amenisamehe na sijamuuliza. Siku iliyofuata nilienda na grenda mchana kweupe, nikakata mikuki yote mpaka wa mwisho, mlinzi ananiangalia. Aliniuliza nani amenituma. Nikamwambia nimejituma.

Lango bado liko. Malori bado yanalala. Jana nimewaona wale wasichana watatu wengine kwenye ngazi za ploti yetu, wamekaa wamebanana, simu moja katikati, na Nekesa yuko nao. Wanatazama wasichana wa mahali fulani wakicheza kamba. Wanahesabu kwa sauti miruko ya watu wengine. Enzi zetu mtu aliyechapwa na mama yake alikuwa anakimbilia uwanjani kulia huko, kisha anasahau kulia. Wa kwangu hana pa kukimbilia, na hana mguu wa kukimbia nao.

Nimeandika hii kwa nyinyi wa rika langu, mliotoa bati, kwa sababu majina yenu yako kwenye ile karatasi pamoja na langu. Twendeni tuyatoe, majina na mabati yetu. Tukiwa wengi mlinzi hatauliza.

Lakini kwanza nataka watu watatu waseme kitu. Ofisa uliyepiga muhuri, sikujui jina na nitalitafuta: ulikuja lini kuona kama wakazi walikubali, na ulimuuliza mtoto gani? Wafula, ulituandikia kusimamia, onyesha mstari ulioandika malori. Na wewe Ndirangu, usinijibu kwa matunda wala kwa taratibu. Njoo Jumamosi saa kumi na moja jioni, usimame hapo langoni, wazi, bila kamati, umwambie Nekesa kwa mdomo wako ni nani alikupa ruhusa ya kumfungia. Atakuwa amekaa, hawezi kusimama sana. Na sisi wote tutakuwa nyuma yake, tunangoja useme.